Mara Tatu Arobaini na Saba: Kuandaa Mkutano wa Rais na Magavana

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa kwa makatibu wa kaunti za Kenya, maafisa wa itifaki na waandishi wa kumbukumbu wa serikali. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Makatibu wa kaunti, wakurugenzi, maafisa wa itifaki, na nyinyi mnaokaa nyuma ya kiti cha mkubwa mkiwa na kalamu na daftari, hamjambo?

Naomba tuanze na hesabu ya darasa la tatu. Arobaini na saba mara tatu ni ngapi?

Mia moja arobaini na moja. Iandikeni juu kabisa ya ukurasa.

Tuna kaunti 47. Kila gavana akipewa dakika tatu kuchangia ajenda moja, hizo ni dakika 141, yaani saa mbili na dakika 21. Ajenda moja! Rais bado hajasema na waziri bado hajajibu. Tena nani kati yenu amewahi kumwona gavana akitumia dakika tatu? Dakika ya kwanza yote ni ya salamu: "Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Naibu Rais, mwenyekiti wetu wa Baraza la Magavana, mawaziri mliopo…" Twendeni na magari. Kila gavana akija na matatu, ni magari 141 langoni. Twendeni na watu. Kila gavana akija na mpambe, katibu na mtu wa mawasiliano, ni watu 141 wasiokuwa na kiti mezani, lakini wenye njaa ileile ya walio na viti.

Mkutano wa ngazi mbili za serikali huharibikia ndani ya namba hiyo. Watu husema umeharibiwa na siasa. Mara nyingi siasa ilikuja baadaye, ikakuta mlango umeachwa wazi na hesabu.

Sasa tuseme ni mkutano gani. Kifungu cha 6 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali kuu na serikali za kaunti ni tofauti lakini zinategemeana, na zitaendesha uhusiano wao kwa kushauriana na kushirikiana. Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali, namba 2 ya mwaka 2012, ndiyo iliyoyapa maneno hayo meza na viti. Iliunda mkutano wa kilele ambao Rais ni mwenyekiti, magavana wote 47 ni wajumbe, na mwenyekiti wa Baraza la Magavana ni makamu mwenyekiti. Sheria inataka ukae angalau mara mbili kwa mwaka.

Tofauti lakini zinategemeana. Je, mnaona uzito wa maneno hayo kwa mtu anayeandika barua ya mwaliko? Gavana hakuteuliwa na Rais, alichaguliwa. Hapa hakuna bosi anayeita wafanyakazi wake, wala chifu anayeita baraza. Kwa hiyo barua inayosema "unatakiwa kufika bila kukosa" imeshaharibu mkutano kabla ya bahasha kufunguliwa. Mheshimiwa ataisoma mara mbili, ataituma kwa wenzake kwenye simu, na kufikia jioni mjadala si ajenda tena bali ni lugha ya barua. Andikeni "unaalikwa", tajeni kifungu cha sheria, na ambatisheni rasimu ya ajenda. Mwaliko usiokuwa na ajenda humwambia mgeni kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa bila yeye.

Sasa nije kwenye ajenda, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo hasa.

Wakubwa wale hawaji kutafuta jawabu. Hawana muda huo, na ukumbi wenye watu mia mbili si mahali pa kutafutia jawabu. Wanakuja kukubali au kukataa. Basi kazi yetu ni kuhakikisha kinachofika mbele yao ni kile tu ambacho hakuna mtu wa chini yao angeweza kukimaliza. Kila ombi la ajenda linapoingia ofisini kwenu, liulizeni maswali matatu. Je, waziri na kamati husika ya Baraza la Magavana wanaweza kulimaliza wenyewe? Kama ndiyo, lisipande. Je, lina fedha ndani yake? Kama ndiyo, limepita kwenye Baraza la Bajeti na Uchumi, IBEC, linaloongozwa na Naibu Rais chini ya kifungu cha 187 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma? Kama halijapita, lirudi huko kwanza, kwa sababu mkutano wa kilele utakaoanza kuhesabu shilingi utashindwa na hesabu na utashindwa na muda. Na swali la tatu: je, aliyeleta ombi ameleta pia rasimu ya azimio? Asiyeweza kuandika mistari mitano ya kile anachotaka kiamuliwe, huyo anataka kulalamika tu. Malalamiko yana mahali pake, lakini hapa sipo.

Mkishachuja, gawanyeni muda. Mkutano wa nusu siku ni saa nne, dakika 240. Toeni 30 za wimbo wa taifa, sala na hotuba za kufungua. Toeni 20 za kusoma maazimio mwishoni, na hizo msiziguse hata mkiombwa na nani. Zinabaki 190. Ajenda nne, kila moja inapata dakika 47 na kidogo. Arobaini na saba tena! Dakika moja kwa kila kaunti, kana kwamba mtu alipanga.

Dakika 47 zinatosha, mkizikata vizuri. Saba za mwasilishaji. Tano za waziri. Tano za mwenyekiti wa kamati ya magavana inayohusika. Ishirini za michango. Kumi za kusoma na kupitisha azimio. Zile ishirini mtazigawaje kwa watu 47? Hamzigawi kwa watu 47. Kaunti zina miungano ya kanda. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kwa mfano, ni sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kila kanda itoe msemaji mmoja kwa ajenda moja, na msemaji wa ajenda ya pili awe mwingine. Jambo hili halipangwi asubuhi ya mkutano. Gavana anayeambiwa getini kwamba hatazungumza atazungumza, na atazungumza kwa muda mrefu.

Linapangwa lini basi? Sheria imeshajibu. Kifungu cha 12 cha ile Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali kinaitaka Kamati ya Kiufundi ya Mahusiano baina ya Serikali, IGRTC, iitishe mkutano wa makatibu wote 47 wa kaunti ndani ya siku thelathini kabla ya kila mkutano wa kilele. Nyinyi. Aliyeandika sheria alijua kwamba mkutano wa kweli ni huo wenu, wa watu wanaojua bajeti imebaki kiasi gani na ni daktari gani hajalipwa.

Na hapo ndipo tunapokosea. Tumeufanya mkutano wa makatibu kuwa semina. Watu wanakuja, wanasikiliza, wanakunywa chai, wanapiga picha. Katibu anamtuma msaidizi, msaidizi hana mamlaka ya kusema lolote, na siku ya mkutano mkubwa gavana anainua kipaza sauti na kusema, "Hilo mimi ndiyo nalisikia sasa." Mkisikia sentensi hiyo, jueni ajenda imekufa.

Dawa yake ni karatasi. Kila kaunti ije na msimamo ulioandikwa kwa kila ajenda: tunakubali, tunapinga, au tunakubali kwa masharti haya. Sekretarieti iweke misimamo hiyo kwenye jedwali moja lenye safu 47. Tuseme arobaini wamekubali na saba wamepinga. Basi siku ishirini na kitu zilizobaki ni za hao saba. Wapigiwe simu, waziri awatembelee, sharti lao liingizwe kwenye rasimu kama linaingizika. Siku ya mkutano isitokee hata hoja moja mpya.

Ratiba nyingine ni fupi. Siku 60 kabla, tarehe ikubaliwe na Ikulu pamoja na Baraza la Magavana, tena kwa maandishi. Siku 45, dirisha la kuleta ajenda lifungwe. Siku 30 hadi 20, makatibu wakutane. Siku 14, mawakili wa pande zote mbili wamalize kupitia rasimu za maazimio. Siku 7, kabrasha liwe mikononi mwa gavana. Si mikononi mwa ofisi yake, mikononi mwake. Pokeeni sahihi.

Waraka wa ajenda moja usizidi kurasa mbili. Kuna kipengele kimoja ambacho nyaraka zetu nyingi hazina, na kukosekana kwake kumewahi kuigharimu nchi hii mabilioni. Ngojeni niwakumbushe kisa.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa kaunti zote. Ulikuwa wa hospitali 98: mbili kila kaunti, jumla 94, na nne za kitaifa. Mkataba ulikuwa wa miaka saba na thamani yake karibu shilingi bilioni 38. Nia yake nani angeipinga? Mashine za kusafisha figo, vyumba vya upasuaji, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, zote zifike hadi kaunti ambazo hazikuwahi kuziona. Magavana walisita, wakauliza mikataba yenyewe iko wapi, na Februari 2015 wakatia sahihi. Kila kaunti ikaanza kulipishwa shilingi milioni 95 kwa mwaka. Kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 zilikuwa milioni 200.

Na mashine? Nyingine zilifanya kazi nzuri. Nyingine zilikaa ndani ya maboksi. Mahali pengine umeme hautoshi, mahali pengine hakuna chumba cha kuziweka, mahali pengine chumba kipo na mtaalamu wa kuiendesha hayupo. Seneti iliunda kamati maalumu, na ripoti yake ya 2020 ilikuwa kali mno.

Sasa niambieni, rais au gavana angejuaje kwamba hospitali fulani haina umeme wa kubeba mashine ile? Yeye hawezi kujua. Mhandisi wa hospitali anajua. Na mhandisi wa hospitali anaweza kulisema hilo mahali pamoja tu, ambapo ni kwenye maandalizi. Basi kila waraka wa ajenda uwe na kipengele cha "siku ya pili". Baada ya wakubwa kupiga makofi na kuondoka, nani ataifanya kazi hii kesho yake? Kwa umeme gani, kwa maji gani, kwenye chumba kipi, mwajiriwa yupi, na mwaka wa tatu gharama itakuwa kiasi gani na itatoka kwenye fungu la nani? Mistari kumi tu. Kama mwandishi wa waraka hawezi kuijaza, waraka urudi kwake.

Jambo linalofuata: nani yuko mezani?

Juni 2013, ugatuzi, yaani kupeleka madaraka kwenye kaunti, ukiwa na miezi michache tu, Wizara ya Afya ya kitaifa ilitia sahihi mkataba wa nyongeza ya mishahara na chama cha madaktari. Angalieni kalenda. Uchaguzi ulikuwa Machi mwaka huohuo, magavana walikuwa wameshaapishwa, na Jedwali la Nne la Katiba lilikuwa limeshazipa kaunti huduma za afya. Waliokuwa waende kulipa mishahara ile hawakuwa sehemu ya mkataba. Madaktari walipodai haki yao, kaunti zikasema, sisi hatukutia sahihi. Serikali kuu ikasema, afya imegatuliwa. Daktari akabaki katikati, na mgonjwa yuko chini ya daktari. Mgomo ulianza tarehe 5 Desemba 2016 na kumalizika tarehe 14 Machi 2017. Siku mia moja. Ulimalizika vipi? Kwa karatasi moja ambayo chama, wizara na Baraza la Magavana walikuwa wote ndani yake.

Kwa hiyo orodha ya walioalikwa isiandaliwe kwa kuangalia vyeo. Ianze na mtu anayetia sahihi ya hundi. Mkizungumzia mgao, Msimamizi wa Bajeti awepo, kwa sababu yeye ndiye anayeidhinisha fedha kutoka. Mkizungumzia ardhi, Tume ya Taifa ya Ardhi iwepo. Hawana kura pale, ni kweli. Wakae safu ya pili, lakini wawe ndani ya chumba, si kwenye simu.

Mnanifuata? Haya, twende ukumbini.

Viti mpangeni kwa namba za kaunti: 001 Mombasa, 002 Kwale, 003 Kilifi, mpaka 047 Nairobi. Namba hizo hazina chama, hazina kabila, hazina rafiki wa Ikulu. Mkipanga kwa mnavyoona inafaa, mtaulizwa ni kwa nini fulani amekaa karibu na Rais, na hamtakuwa na jibu. Mtu mmoja mezani anahitaji sentimita 80 ili kabrasha lifunguke na kiwiko kipumue. Watu 48 mara sentimita 80 ni karibu mita 38 na nusu za ukingo wa meza. Kabla ya kulipia ukumbi, nendeni na futi ya fundi mkapime. Picha za hoteli zinadanganya.

Vipaza sauti viwe vya kubonyeza, kimoja kwa kila watu wawili, na mtu wa mitambo awe na uwezo wa kuvizima vyote kutoka mezani kwake. Mjumbe akisahau kuzima chake na kumnong'oneza jirani, nchi nzima itasikia kwenye habari za saa moja. Jenereta liwashwe na lifanye kazi saa nzima siku moja kabla, likiwa limebeba mzigo wote: taa, feni, projekta na jiko. Jenereta lililojaribiwa bila mzigo halijajaribiwa.

Wale watu 141 wasio na viti watafutieni chumba chao, chenye televisheni ya kuufuatilia mkutano, chaja za simu na chakula chao. Mkiwaacha koridoni watauzunguka mlango wa ukumbi, na kila mlango unapofunguliwa karatasi inapita. Magari yateremshe wageni kwa zamu kwa namba zilezile za kaunti na yakaegeshwe mbali. La usalama sina la kuwafundisha. Wenye kazi yao watawaambia, nanyi mtafanya.

Lakini malazi nitayasema, kwa sababu malazi ni siasa.

Canada, Novemba 1981. Waziri Mkuu wa nchi na viongozi wa majimbo kumi wanakutana Ottawa kujadili katiba. Wanane kati ya wale kumi wana msimamo mmoja wa kumpinga. René Lévesque wa Quebec, mmoja wa hao wanane, amefikia na ujumbe wake Hull, ng'ambo ya mto. Wenzake wamebaki Ottawa. Tayari mchana wa tarehe 4, mawaziri watatu, Jean Chrétien wa serikali kuu, Roy Romanow wa Saskatchewan na Roy McMurtry wa Ontario, walikuwa wamejibanza kwenye jiko la kituo cha mikutano wakichora mapatano kwenye karatasi. Usiku huo wajumbe wakahangaika nayo hotelini, chumba kwa chumba. Hull hakuna aliyepiga simu. Asubuhi Lévesque anafika kwenye kiamshakinywa, anakuta rasimu mezani. Majimbo tisa yalikubaliana bila Quebec. Katiba ikapita mwaka uliofuata, na mpaka leo serikali ya Quebec haijawahi kuitia sahihi.

Je, tatizo lilikuwa hoteli? Wanahistoria wana yao ya kusema, na sitaki kumwingilia mtu kazi yake. Mimi nasema hivi tu: mwenye kupanga vyumba asimwachie mtu nafasi ya kusema alilala ng'ambo ya mto. Wajumbe wote walale hoteli moja, au hoteli ambazo mtu anaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine kwa dakika tano. Muwe na orodha ya namba za simu za usiku za makatibu wote. Na kama rasimu inabadilika baada ya saa nne usiku, ama wote 47 waipate kwa dakika ileile, au isibadilike. Hilo si jambo la hiari.

(Na Canada nao wana sekretarieti ya mikutano ya aina hii tangu 1973, inayogharamiwa na ngazi zote mbili na kuchukua wafanyakazi kutoka pande zote. Mwenye kutafuta mfano, aanzie huko.)

Nimebakiza kalamu, nayo ndiyo nzito kuliko yote.

Tarehe 25 Februari 2020, Ikulu, Nairobi, serikali kuu na gavana wa wakati huo wa Nairobi walitia sahihi hati ya kuhamisha majukumu manne ya kaunti kwenda serikali kuu: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Muda wake miezi 24. Gazeti Rasmi likatoka siku hiyohiyo. Wino ulipokauka, ndipo mabishano yakaanza. Gavana mwenyewe akasema hakuelewa sawasawa alichotia sahihi, akakataa kuidhinisha bajeti ya kazi hiyo. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba taratibu hazikufuatwa, ikatoa siku 90 za kurekebisha.

Kuhamisha jukumu kwa makubaliano kunaruhusiwa. Kifungu cha 187 cha Katiba kinasema hivyo waziwazi. Tatizo ni mpangilio wa hatua. Sherehe ilitangulia karatasi. Ushirikishaji wa umma, bunge la kaunti, hesabu ya fedha zitakazofuata jukumu, hatima ya wafanyakazi: hayo hutangulia, na kamera huja mwisho. Mtu akikuambia "tutie sahihi leo, viambatisho vitafuata", ondoa kalamu mezani.

Baada ya mkutano kuna hati tatu, na wengi huzichanganya. Kuna taarifa ya pamoja, ambayo ni ya waandishi wa habari, ukurasa mmoja. Kuna kumbukumbu, ambazo ni historia, nani alisema nini. Na kuna jedwali la maazimio, ambalo ni amri ya kazi. Taarifa itoke siku ileile, jedwali ndani ya saa 24, kumbukumbu ndani ya siku saba. Ukisubiri kumbukumbu zikamilike ndipo utoe jedwali, mwezi utapita na kila mmoja atakuwa na mkutano wake kichwani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maazimio ni mali.

Nisikilizeni sentensi hii: "Mkutano uliazimia kuharakisha utoaji wa fedha za kaunti." Mmeisikia mara ngapi? Nani aharakishe? Kiasi gani? Mpaka lini? Kifungu cha 219 cha Katiba tayari kinasema mgao utumwe bila kucheleweshwa isivyostahili, kwa hiyo azimio hili halina hata nguvu ya kile kilichokwisha kuandikwa. Sasa sikilizeni hii: "Hazina ya Kitaifa itatuma malimbikizo ya mgao wa Aprili na Mei kwa kaunti zote 47 kabla ya tarehe 15 Juni. Waziri wa Fedha ataipa IGRTC orodha ya malipo tarehe 16 Juni." Ina mtendaji, kitu, tarehe na mahali pa kuripoti. Ikikosa kimoja kati ya hivyo vinne, mwandishi ainue mkono. Ndiyo, mbele ya Rais. Au amnong'oneze mwenyekiti wa kikao cha wataalamu, kama mkono ni mzito.

Zile dakika 20 nilizowakataza kuzigusa, ni za kazi hii. Azimio liwekwe ukutani kwa herufi kubwa, lisomwe neno kwa neno, mtu mmoja tu akiwa na ruhusa ya kulirekebisha kwenye kompyuta. Kila toleo liandikwe namba na saa: toleo la 3, saa nane na dakika kumi. Matoleo yaliyochapishwa yakusanywe na kuhesabiwa. Mkigawa nakala 60 na zikarudi 58, anzeni kuandaa majibu ya waandishi wa habari.

Na ikitokea hawakubaliani? Sheria inataka pande zijaribu kwa nia njema kumaliza wenyewe kwanza. Zikishindwa na upande mmoja ukatangaza mzozo rasmi, kikao cha pande zote lazima kiitishwe ndani ya siku 21, kutenganisha kinachobishaniwa na kisichobishaniwa. Mahakama ni baadaye. Wekeni fomu ya tangazo hilo tayari kwenye faili. Siku itakapohitajika hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuiandika.

Mwezi mmoja baada ya mkutano, IGRTC iwapigie simu wote waliotajwa kwenye jedwali na kulipaka rangi: kijani limefanyika, njano linaendelea, nyekundu halijaguswa. Mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30 Juni, ripoti ya mwaka iende Bunge la Taifa, Seneti na mabunge ya kaunti ndani ya miezi mitatu, yaani kabla ya Septemba kwisha. Na ajenda ya kwanza ya mkutano unaofuata, kabla ya jambo lolote jipya, ni jedwali hilo likiwa na rangi zake. Wenye nyekundu wataomba ajenda hiyo isogezwe mwisho. Msiisogeze.

Haya, ni zamu yenu ya kuuliza. Naona humu ndani tuko kama hamsini. Mkichukua dakika tatu tatu, hesabu yake mnaijua. Dakika moja kila mtu, tuanze na Mombasa.